Naomba ushauri: nanotyubu za kaboni kwenye elektrodi, kilele cha dopamini kinashuka

Wakuu, salaam. Elektrodi ni ya kaboni-kioo, kipenyo mm 3, imesuguliwa kwa alumina ya mikromita 0.3 kisha 0.05. Juu yake kuna nanotyubu (mirija midogo mno ya kaboni) zenye kuta nyingi: mg 1 ndani ya ml 1 ya ethanoli yenye Nafion (polima ya kushikilia tabaka) 0.5%, dakika 30 kwenye bafu la ultrasoniki, tone la mikrolita 5, likakaushwa bila joto.

Kipimo cha dopamini, kemikali ya ubongo, kinafanyika kwenye bafa ya fosfati (myeyusho unaotuliza pH) 0.1 M, pH 7.4: volti hupandishwa na kushushwa kwa mizunguko huku mkondo ukisomwa. Mzunguko wa kwanza unatoa kilele kizuri cha mkondo, ila kufikia wa kumi kimeshuka karibu nusu. Kingo za tabaka hazijabanduka, kwa hiyo nashuku mazao ya dopamini iliyooksidishwa yanaungana na kuziba uso. Je, kusafisha kwa mizunguko kwenye bafa tupu kunatosha, au heri kupunguza idadi ya vipimo kwa kila tabaka?

La pili linanisumbua zaidi. Kilele kimesogea kwenye volti ndogo, lakini tabaka lenye vinyweleo hunasa myeyusho ndani yake, na hilo peke yake laweza kufanana na uchocheaji (nanotyubu kurahisisha uoksidishaji wenyewe). Mnatenganishaje? Nimefikiria kubadili kasi ya skani (kasi ya kupandisha volti): kilele kikifuata kasi yenyewe badala ya kipeuo chake cha pili, basi ni myeyusho ulionaswa, ingawa dopamini iliyoganda usoni nayo hutoa sura hiyohiyo.

Tafadhali msinishauri ferisianidi (ioni ya kujaribia elektrodi); Nafion ina chaji hasi kama yake, itaisukuma nje.