Mfadhili ataka tupande mikoko kwenye matope wanapokula ndege wa kaskazi, tukubali?

MwanaMikindani: Wadau salaam. Kikundi chetu twapanda mikoko huku Tudor Creek, Mombasa, sasa kuna mfadhili ataka tujaze miche kwenye ule uwanja wa matope ulio wazi, pale maji yakipwa wajaa ndege wa midomo mirefu wakidonoadonoa, huanza kuonekana mwezi wa nane wa tisa na ikifika wa nne wengi washarudi kwao. Yeye asema watahamia kwengine lakini mimi roho yasita. Na hawa ndege wa kupita, nchi zina mpango wa kuwalinda pamoja ama kila mtu na lwake?

Kasa01: Sheikh msikubali hata kidogo. Chakula chao ni minyoo na vikaa vilivyomo ndani ya matope, mikoko ikifunga pale washakosa pa kula, na hawapendi mahali pa kujificha adui, wataka uwazi waone mbali. Tena miche ikipandwa chini sana maji yanapokaa muda mrefu hufa mingi, mtapoteza vyote. Mikoko ipandwe palipokatwa, huko kuna kazi tele. Watahamia wapi na kila creek yajengwa??

DadaWaTudor: Mpango upo ndugu yangu. Kuna mkataba waitwa AEWA, ulikubaliwa The Hague 1995, ukaanza kutumika 1999 na Kenya ikaingia 2001, Tanzania na Uganda wamo, wahusu aina 255 za ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na sehemu za Asia. Urusi haimo na wengi wa hawa wadogo huzaliana Siberia, hilo laniuma kwa kweli. Lakini mtizame yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, waitwa crab plover kwa Kiingereza, anayekula kaa pale Mida Creek, Watamu: hutaga yai moja tu ndani ya shimo alilochimba mchangani, huko Oman na pwani za Ghuba, halafu miezi mingi yuko kwetu. Oman walinde mchanga wao sisi tuzibe matope, ushirikiano gani huo?

MwanaMikindani: Shukran dada. Sasa sisi kikundi kidogo twaingilia wapi?

DadaWaTudor: Kwa kuhesabu. Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa nchi nyingi kwa pamoja, hapa Kenya huandaliwa na Makumbusho ya Taifa na Nature Kenya, waandikieni mapema waje wawafundishe kutambua aina. Creek isiyo na hesabu yake hata kwenye mikutano haitajwi, na hapo ndipo mtu huja na mche akasema pako tupu.

Kasa01: Na huyo mfadhili mpelekeni bamvua, maji yakiwa yamepwa kabisa, ajionee. Mkimuonyesha palipokatwa huenda akakubali kuhamisha miche.

MwanaMikindani: Kikao ni Jumamosi, nitalitoa hivyohivyo. Mwenye darubini ya kuazima anitumie ujumbe tafadhali.