Cooper Black, Clarendon au Windsor kwa lebo ya siagi ya karanga?

Mkaanga_Karanga: Wadau, naandaa lebo ya chupa ya siagi ya karanga. Nataka herufi nene zenye serifu (vile vimikia kwenye ncha za herufi) na sura ya kizamani. Nimebaki na fonti tatu: Cooper Black, Clarendon na Windsor. Ipi itamvuta mteja akiwa bado hajafika kwenye rafu?

WinoMzito: Cooper Black, mkuu. Oswald Cooper aliichora Chicago, ikatolewa na kiwanda cha herufi cha Barnhart Brothers & Spindler mwaka 1922. Haina ncha kali popote: serifu zimeviringwa na o imelala nyuma kidogo. Ni nene mno lakini haitishi, na chakula kinahitaji upole huo. Ndiyo iliyo kwenye jalada la Pet Sounds, albamu ya Beach Boys ya mwaka 1966, ndiyo iliyo ubavuni mwa ndege za easyJet. Kwa mbali inaonekana vizuri sana.

Bibi_Chapa: Kwa mbali, sawa. Ila jina la siagi yake limejaa a, na matundu ya a kwenye Cooper Black ni madogo. Ukiandika kwayo viungo na tarehe ya mwisho wa matumizi, wino utayaziba na mteja hataambulia kitu. Hapo naipendekeza Clarendon. Robert Besley aliitoa London mwaka 1845, na lengo lilikuwa neno nene likae katikati ya maandishi ya kawaida, kama kwenye kamusi. Kwa hiyo inavumilia udogo. Kasoro yake ni ukali: serifu zake za mraba zina sura ya tangazo la serikali.

WinoMzito: Hilo la matundu nakubali. Cooper Black ibaki kwenye jina tu, na liwe kubwa. Pia punguza nafasi kati ya herufi, zikaribiane. Zikiachana zinapoteza ule mshikamano wake.

Msomi_wa_Herufi: Mbona Windsor mmeiruka? Ilitoka Sheffield, Uingereza, kwa watengenezaji wa herufi Stephenson Blake, na Woody Allen ameitumia miaka mingi kwenye majina ya filamu zake. Miguu ya kulia ya h, n na m imetanuka kwa nje, kwa hiyo neno lina mwendo wake. Mimi naiona na utu kuliko Cooper Black, ambayo imeshatumika kila mahali.

Mkaanga_Karanga: Windsor ni nzuri kweli, ila kwenye chupa ndogo naona miguu hiyo inavuruga jina. Jina naweka Cooper Black. Ya bure ipo?

Bibi_Chapa: Jaribu Fraunces. Leseni yake ni huria, biashara inaruhusiwa, na waliounda waliziangalia Windsor na Cooper. Unene na ulaini unaurekebisha mwenyewe, hivyo viungo unaviandika kwa ile nyembamba. Kabla ya kulipia uchapaji, toa nakala moja kwa kipimo halisi, uibandike chupani, kisha uisome ukiwa hatua tano nyuma.