Picha za gofu za Safari Circuit zimetupwa nyuma ya jiko, halafu tunaambiwa ni mambo ya Wazungu!

Bandugu wa Lushi (Lubumbashi), leo nina hasira na sitaificha.

Klabu moja ya gofu huku kusini imepaka rangi ukumbi wake. Sawa, rangi ni nzuri. Lakini picha zilizokuwa ukutani, pamoja na vitabu vya ratiba ambavyo wazee wetu walirudi navyo kutoka Zambia, vimerundikwa nyuma ya jiko kando ya magunia ya makala (mkaa). Mvua imeshavinyeshea. Nimeokota picha moja: imegandamana na kioo, ukivuta kioo sura ya mchezaji inatoka nacho. Nikamuuliza mukubwa wa pale. Jibu lake: hayo ni mambo ya zamani ya Wazungu, hayana faida.

Hayana faida kwa nani?

Kuanzia miaka ya 1970, wachezaji wa gofu wa kulipwa wa Uingereza na Ireland walikuwa hawana kazi wakati wa baridi, msimu wa Ulaya ukiwa bado haujafunguliwa. Wakaja kutafuta mkate Afrika: Nigeria, Ivory Coast, Kenya, Zambia, Zimbabwe. Hiyo ndiyo Safari Circuit. Sandy Lyle, aliyekuja kushinda mashindano makubwa ya dunia, The Open mwaka 1985 na Masters mwaka 1988, ushindi wake wa kwanza wa kulipwa aliupata Nigeria mwaka 1978. Mwaka huohuo Mhispania Seve Ballesteros akachukua Kenya Open. Ian Woosnam alishinda Zambia Open mwaka 1985, Kenya mwaka uliofuata, na mwaka 1991 akavaa koti la kijani la mshindi wa Masters. Zambia, jamani! Hapo ng'ambo ya mpaka wetu wa Kasumbalesa!

Na msidhani walikuwa wanatembea juu ya zulia. Ikoyi, kule Lagos, kuzunguka shimo hapakuwa na majani, palikuwa na mchanga uliochanganywa na mafuta. Mtu aliyezoea majani laini ya kwao ilibidi ajifunze upya jinsi mpira unavyoviringika, na vijana wa pale waliowabebea wachezaji mifuko ya fimbo ndio waliojua njia yake. Hao walimu hakuna aliyeandika majina yao. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Ilikufaje? Mzunguko wa gofu wa Ulaya ulijitafutia jua lake wenyewe: Tunisia mwaka 1982, Dubai mwaka 1989, halafu katikati ya miaka ya 1990 ukashikana na Afrika Kusini. Pesa ikaenda huko na majina makubwa yakaifuata. Mashindano yetu yakasukumwa daraja la pili la Ulaya, Challenge Tour, na mzunguko wetu ukavunjika. Kenya Open ilivumilia mpaka ikapandishwa daraja la juu mwaka 2019, na leo kijana wa Lubumbashi anaapa kwamba gofu kubwa ya Afrika ilianza siku hiyo. Simlaumu. Ushahidi tunaurundika na makala.

Kwa hiyo nasema wazi: wakubwa wa klabu, toeni hizo karatasi kwenye mvua leo, si kesho. Kama hamzitaki, mwiteni mtu yeyote azichukue. Na ninyi wenye baba au babu aliyevuka mpaka kwenda kubeba mifuko ama kutazama, piga picha ya kila ulichonacho, uliza majina ya waliobeba mifuko, uyaweke hapa chini. Mimi nimeshaanza na mzee mmoja wa Katuba.