Furukombe akipaa anatoka mweusi tii pichani, nirekebishe nini?

Mpiga_Kibirizi: Wakuu, habari za leo. Napiga picha za ndege hapa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Furukombe akiwa mtini anatoka safi, akipaa tu anakuwa kivuli, hata kichwa cheupe hakionekani. Yangeyange akipita chini karibu na mitumbwi anaungua, yaani anatoka mweupe mtupu, bawa halibaki na unyoya hata mmoja. Natumia Av (nachagua tundu la lenzi, kamera inachagua kasi), lenzi ya mm 70-300.

MamaLenzi: Ndugu yangu, kamera inapima fremu nzima. Anga jeupe likijaa, inapunguza mwanga, ndege anaingia giza. Nyuma kukiwa na maji yaliyokolea, inaongeza, yangeyange anaungua. Lakini jua linalompiga ndege ni lile lile! Hamia M, unapanga kila kitu mwenyewe. Asubuhi yenye jua anza na kasi 1/2000 ya sekunde, tundu f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 400. Mpige yangeyange aliyetulia, washa alama inayopepesa kwenye skrini pale picha ilipoungua. Manyoya yakipepesa, shusha ISO hadi yaache. Baada ya hapo usiguse kitu, ndege apite angani au majini. Mimi naipenda sana njia hii, inakuacha umfuate ndege tu.

Ujiji_Mwanga: Mawingu yakipitapita M inasumbua. Baki Av, tumia kitufe cha +/− cha kurekebisha mwanga: angani ongeza +1 hadi +2, majini shusha −1.

Mpiga_Kibirizi: Asanteni. Na jioni?

MamaLenzi: Jioni jua liko upande wa Kongo, magharibi ng'ambo ya ziwa, linakutazama usoni. Nenda asubuhi, liko mgongoni kwako na linamulika hadi chini ya bawa.