Tupeane uzoefu: makala yako ilipita wapi mpaka ikachapishwa kwenye jarida?

Mwalimu wa Jioni (mtoa mada)

Wanajamvi, salaam. Nafundisha chuo kikuu hapa Tanzania na nimekaa pande zote mbili, ya mwandishi na ya mhakiki, yaani msomi anayesoma na kupima makala ya mwenzake kabla haijachapishwa. Kila mwaka naona vijana wa uzamili na uzamivu wenye data nzuri kabisa wakiiacha makala ife, ama kwa sababu jarida la kwanza limeikataa, ama kwa sababu limekaa kimya na hawajui kinachoendelea huko ndani. Inaniuma. Kuna wakulima na wagonjwa waliotoa muda wao kujibu madodoso yale, na majibu yao yanaozea kwenye tasnifu kabatini.

Kwa wasioijua njia yenyewe: makala ikiingia, ofisi ya jarida hukagua urefu, mtindo wa marejeleo, kibali cha maadili, na huipitisha kwenye programu ya kupima mfanano wa maandishi. Kisha mhariri anaisoma mwenyewe, na nyingi huishia hapo hapo mezani kwake. Zinazobaki huenda kwa wahakiki wawili au watatu, ambao kwa kawaida huwajui majina; kwenye baadhi ya majarida na wao hawakujui wewe. Wahakiki hawaamui, wanashauri. Mhariri ndiye anayeamua ikubaliwe, irekebishwe kidogo, irekebishwe sana au ikataliwe. Ikikubaliwa inabaki kusafishwa lugha, kupangwa kurasa, kusomwa prufu na kupewa namba ya DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni.

Naomba kila mmoja aeleze hatua iliyomtesa au iliyomfungua macho. Majarida yaliyowakosea tusiyataje kwa majina.

Mkunga Mtafiti

Asante Mwalimu. Utafiti wangu ulihusu akina mama wanaochelewa kuanza kliniki ya wajawazito. Jarida la kwanza, la Ulaya, lilinirudishia bila kuipeleka kwa mhakiki yeyote. Mhariri aliandika kwa heshima tu kwamba matokeo ni ya wilaya moja na wasomaji wake wako dunia nzima. Nikaipeleka kwenye jarida la afya la ukanda huu, kwa sababu niliowaandikia hasa ni waganga wakuu wa wilaya na wakunga wenzangu, na wao ndio wanaolisoma hilo. Huko walianza kwa kutaka namba ya kibali cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Bila hiyo makala isingesogea.

Majibu yalipokuja yalisema "marekebisho makubwa", na nilitaka kukata tamaa. Msimamizi wangu akanizuia: jarida lisilokutaka halikupi kazi ya kufanya. Akanionyesha namna ya kujibu, na namna hiyo ndiyo nataka niwaachie hapa. Chora jedwali la safu tatu. Ya kwanza, nakili maneno ya mhakiki kama yalivyo, hoja moja moja, hata zile ndogo. Ya pili, jibu lako. Ya tatu, ukurasa na mstari ambapo umebadilisha. Mhariri ana makala nyingi mkononi. Ukimrahisishia kuona ulichofanya, anaamua haraka.

Mhakiki wa pili aliuliza mambo mawili mazito. Kwanza, ukubwa wa sampuli niliupataje. Hilo nililijibu kwa kuongeza kanuni niliyotumia na chanzo chake. La pili lilikuwa gumu: kwa nini nimewaacha wanawake ambao hawakufika kliniki kabisa? Orodha yangu ilitoka kwenye rejesta za kliniki, hivyo sikuwa na njia ya kuwapata. Sikukubali kuufanya utafiti upya, lakini sikuipuuza hoja. Niliandika wazi kwenye sehemu ya mapungufu, kisha nikapita makala nzima na kila penye "wanawake wa wilaya hii" nikaweka "wanawake waliohudhuria kliniki". Mhariri alilipokea. Leo nikiisoma naona mhakiki yule, ambaye sitamjua maisha, aliifanya makala yangu kuwa ya kweli zaidi.

Mwalimu wa Jioni

Dada yangu, hapo kwenye kukataa kwa hoja wengi wanahitaji kusikia. Unaruhusiwa kumpinga mhakiki. Toa sababu, onyesha ushahidi, punguza dai lako pale ambapo data haibebi. Kinachoangusha watu ni kuruka hoja kimya kimya, kwa sababu toleo jipya mara nyingi linarudi kwa mhakiki yule yule, na anakumbuka alichouliza.

Mwanaisimu wa Pwani

Naongezea upande wa wanaoandika kwa Kiswahili, maana vijana wengine wanadhani uhakiki ni wa makala za Kiingereza tu. Jarida la *Kiswahili* la TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina wahakiki, na *Swahili Forum* linalotolewa Ujerumani linapokea Kiswahili pia na kusomwa bure mtandaoni. Andaa ikisiri, yaani muhtasari wa makala, inayosimama yenyewe. Ndiyo sehemu ya kwanza mhariri anayoisoma.

Yangu ilikutana na wahakiki wawili waliopingana kabisa. Mmoja alisema uchambuzi ni imara, ichapishwe. Wa pili alisema nadharia niliyotumia haifai kwa lugha za Kibantu. Mhariri akatafuta mhakiki wa tatu, na hapo ndipo miezi ilipokwenda, kwa kuwa waliobobea kwenye mada hiyo ni wachache na wote wana kazi zao. Watu wanadhani makala inakuwa imelala kwenye droo ya mtu. Mara nyingi anatafutwa msomaji na hapatikani.

Mhariri Eldoret

Hilo nalithibitisha. Mimi ni mhariri wa jarida la chuo hapa Kenya, tunatumia mfumo wa OJS, ule wa bure wa kuendesha majarida mtandaoni uliotengenezwa Kanada. Hakuna anayelipwa. Naandikia daktari mmoja, hajibu. Wa pili anasema ana mitihani ya kusahihisha. Wa tatu anakubali kisha ananyamaza mpaka nimkumbushe na kumkumbusha tena. Mwandishi kwenye mfumo anaona maneno yale yale, "inahakikiwa", na anadhani tumemsahau. Wasomi wetu wanaotaka makala zao zihakikiwe haraka, nawasihi mkubali kuhakiki za wengine. Hata mhadhiri kijana aliyemaliza uzamivu juzi tunamhitaji. Mara nyingi hao ndio wanaosoma kwa makini zaidi.

Na jambo dogo: jarida likisema majina yafichwe, futa jina lako pia kwenye taarifa za faili na kwenye shukrani. Andika "mwandishi (2019)" badala ya "katika kazi yangu ya awali".

Mgeni Bujumbura

Mimi nitaongea juu ya majarida ya kitapeli, kwa sababu yamemuumiza mwenzangu wa ofisi. Alipata barua pepe ya kumsifu na kumwomba makala. Akatuma. Ndani ya siku chache wakamjibu imekubaliwa, hakuna hata koma iliyorekebishwa, na hati ya malipo imeambatanishwa. Alipotaka kuiondoa wakamdai pesa za kuiondoa. Makala imekaa kwenye tovuti yao, jarida lingine haliwezi kuichukua tena, na chuo hakikuihesabu kwenye kupandisha cheo. Ni utafiti wa miaka, na ulikuwa mzuri.

Zamani watu waliangalia orodha ya majarida ya kitapeli iliyotungwa na Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado, lakini ilifutwa Januari 2017. Sasa sisi tunaangalia kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, na kwa majarida ya bara letu AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998. Halafu tunafungua ukurasa wa bodi ya wahariri na kumwandikia mmoja wao kwenye anwani ya chuo chake, tumuulize kama kweli yumo. Kuna majina yanayowekwa bila wenyewe kujua. Na angalieni anwani ya tovuti yenyewe, maana wapo wanaonakili jina na sura ya jarida halali.

Mkulima Morogoro

Nigusie ada, kwani vijana wanachanganya. Jarida kudai ada si utapeli. Majarida huria mengi yanayoheshimika yanadai dola 2,000 na zaidi, kwa kuwa msomaji halipi kitu. Lakini wachapishaji wengi wakubwa hutoa msamaha kwa kufuata orodha ya nchi ya Research4Life, mpango wa kuzisaidia nchi zenye kipato kidogo kupata machapisho ya utafiti, na Tanzania imo. Omba kabla ya kuwasilisha au wakati wa kuwasilisha. Ukingoja mpaka ankara ije, wengine hawasikilizi. Soma pia masharti: wapo wanaoangalia nchi ya mwandishi wa mawasiliano, yule anayewasiliana na jarida, wapo wanaotaka waandishi wote watoke nchi zilizomo. Yetu ya magonjwa ya mihogo ilichapishwa bila kulipa hata senti.

Ticha wa Fizikia

Kwa wanaoumia kukosolewa: mwaka 1936 Albert Einstein na msaidizi wake Nathan Rosen walipeleka makala ya mawimbi ya mvutano kwenye *Physical Review*. Mhariri, John Tate, akampa mhakiki, na mhakiki akaona kasoro kwenye hitimisho. Einstein alikasirika kwamba makala imeonyeshwa mtu kabla ya kuchapwa, akaiondoa. Ilitoka 1937 kwenye jarida lingine, hitimisho likiwa limebadilishwa. Mhakiki alikuwa sahihi. Alikuja kujulikana kuwa ni mwanafizikia H. P. Robertson. Uhakiki wa lazima kwa kila makala si wa kale sana pia: jarida la *Nature*, lililoanza 1869, liliufanya utaratibu wa kudumu mwaka 1973.

Binti wa Uzamivu

Shikamooni wakubwa. Nimejifunza mengi. Yangu imekaa kwenye "inahakikiwa" muda mrefu mno na chuo kinataka iwe imekubaliwa kabla sijatetea tasnifu. Naweza kuipeleka kwingine huku nasubiri?

Mwalimu wa Jioni

Marahaba, mwanangu. Usiipeleke sehemu mbili kwa wakati mmoja. Karibu majarida yote yanakataza, na ikigundulika unaweza kukataliwa kote. Anza kwa barua fupi kwa mhariri: taja namba ya makala, tarehe uliyowasilisha, na uulize kama wahakiki wamepatikana. Usilalamike. Ikibidi mpendekezee wahakiki wawili au watatu wasio na uhusiano na wewe wala msimamizi wako, weka na anwani zao za chuo. Wahariri wengi hufurahi. Wakikaa kimya, andika tena na umnakili mhariri mkuu. Ukiona huwezi kusubiri, omba kuiondoa kwa maandishi, mkikubaliana na waandishi wenzako, na usiitume popote mpaka upate jibu kwamba imeondolewa. Huku ukisubiri, uliza ofisi ya shahada za juu kama wanapokea barua ya jarida inayothibitisha kuwa makala iko kwenye uhakiki. Baadhi ya vyuo vinakubali. Ukipata jibu rudi hapa utuambie, na ukitaka nikusomee hiyo barua kabla hujaituma, nitumie pembeni.