Naombeni ushauri: chizi ya kukwangua imebaki kwenye friji, naipikia nini?

Kibuyu Kitupu: Habari za jioni wakuu. Kuna chizi humu ndani, ile mozarela ya piza inayokuja imeshakwanguliwa kwenye mifuko, imebaki kidogo na mimi jiko langu ni ugali dagaa basi. Nauliza, ukiacha piza hii kitu inaingia kwenye chakula gani cha kawaida ambacho hata watoto watakula bila kelele? Iwe imeisha kabla ya Alhamisi. Asanteni.

Mpenda Soga: Nimesoma kichwa cha uzi haraka haraka nikajua kuna chizi mmebaki naye kwenye friji, nikasema mtoeni atakufa na baridi 😂😂

Mama Wawili: Kaka yangu tengeneza katlesi. Viazi uponde, nyama ya kusaga ya jana kama ipo, ukishafinyanga donge unabonyeza katikati kwa kidole gumba unatia chizi kijiko cha chai unafunika, unachovya kwenye yai unakaanga. Mtoto akiuma inavutika kama ulimbo, wangu wanagombania. Ukichoka katlesi chukua chapati ya asubuhi, nyunyiza, kunja, rudisha kwenye kikaango moto mdogo hadi iyeyuke. Usije ukaikandia kwenye unga, niliwahi nikaishia kufua kikaango siku nzima.

Fundi Sufuria: Makaroni mkuu. Ila hiyo ya mfukoni huwa wanaipaka wanga wa viazi au selulosi isigandamane, ukiishika unaona vumbi jeupe kwenye vidole. Kwa hiyo rojo lako unga wa ngano punguza la sivyo unapata uji. Pasha maziwa na siagi na unga kidogo, yakishika ZIMA MOTO ndio uitie chizi kidogo kidogo huku unakoroga. Ikichemka inajikunja kama mpira, mafuta yanaelea juu. Halafu "kidogo" ni kiasi gani?

Kibuyu Kitupu: Mifuko miwili tu mkuu.

Fundi Sufuria: Ya gramu ngapi?

Kibuyu Kitupu: Kilo mbili mbili.

Mpenda Soga: Kidogo hicho?? Wewe unaishi na nyumba kumi 😂

Mzee wa Kahawa: Vijana mnapenda vya mifukoni. Mimi nimefanya kazi Njombe miaka ya nyuma, kule jibini tulikuwa tunanunua kipande, unakwangua mwenyewe ya kukutosha, kingine unafunga unarudisha. Na mke wangu ndiye aliyenifundisha kula, mwanzoni nilikuwa naona kama sabuni. Leo mtu analeta kilo nne halafu anakuja kuuliza aipikie nini. Bajeti ya nyumba ni kitu cha kukaa chini na mwenzako.

Chumvi ya Mawe: Sijaelewa hiyo haraka ya Alhamisi. Si ungegandisha? Gawa kwenye vifuko vya gramu mia mbili, toa hewa, tia friza, miezi miwili inakaa. Ukitaka kupika unaugonga mfuko mezani inaachana, unatia kwenye chakula hivyo hivyo ikiwa na barafu. Kuna kitu hujasema mkuu.

Kibuyu Kitupu: Ilikuwa friza.

Chumvi ya Mawe: Ilikuwa?

Kibuyu Kitupu: Basi jamani. Chizi ni ya wife, anauza piza ndogo ndogo maofisini. Yuko Moshi kwenye msiba, anarudi Alhamisi. Aliniachia hela ya LUKU, mimi Ijumaa nikaenda harusi Bagamoyo nikasema nitaweka nikirudi, umeme ukaisha sijui saa ngapi, nimerudi Jumapili usiku nakuta friza maji tupu. Nikaweka LUKU ikaganda tena. Mfuko mmoja umeshikana donge, una vidoa vya kijani, nimevitoa na kijiko. Harufu siyo mbaya kivile. Na jana nimeshatengeneza sambusa arobaini, watoto wa jirani wamekula wako wazima.

Mama Wawili: Astaghfirullah. Watoto wa watu!

Fundi Sufuria: Mkuu TUPA. Kipande kigumu kikiota ukungu unakata pembeni sentimita mbili na nusu unaendelea. Ya kukwangua huwezi, ukungu unapita katikati ya nyuzi huuoni. Na hata bila ukungu, ikishakaa kwenye joto zaidi ya masaa mawili siyo ya kula tena, sembuse siku mbili za joto la Dar.

Kibuyu Kitupu: Lakini si napika? Moto unaua kila kitu. Na nilikwishaikaanga kwenye mafuta ya moto.

Fundi Sufuria: Unaua vijidudu, sumu nyingine walizokwisha kuacha haziondoki na moto.

Mzee wa Kahawa: Mpigie mkeo. Hela ya chizi inarudi, uongo haurudi.

Mpenda Soga: Subirini wakuu. Huyu si ndiye mwezi wa pili alileta uzi "bachela nahitaji friji la mtumba"? Leo ana mke, watoto, friza na oda za maofisini? Hii chai, tena haina hata tangawizi.

Mama Wawili: Haa! Na mimi nimeshamwaga mapishi yangu yote bure.

Kibuyu Kitupu: Ule uzi nilimwandikia shemeji yangu hana simu nzuri. Friji lenyewe ndilo hili.

Mpenda Soga: Shemeji bachela kanunua friji likaishia kwako. Weka picha ya hilo donge.

Kibuyu Kitupu: Picha siweki, wife anajua hili jukwaa.

Chumvi ya Mawe: Chai au siyo chai, sambusa usimpe mtu tena.

Kibuyu Kitupu: Wakuu amepiga sasa hivi. Oda ya Ijumaa imeongezwa. Anasema Jumatano usiku niishushe chizi kutoka friza ianze kuyeyuka.

Mpenda Soga: Mwambie ilishaanza mapema 😂😂😂

Binti wa Tanga: Samahanini nimechelewa. Fundi, yale makaroni, maziwa ya unga yanafaa?