Naomba ushauri: kikokotoo kiulize maswali yanayoeleweka

Habari zenu wakuu. Napima viwanja huku Nala, Dodoma, natumia kikokotoo cha TI-84 Plus. Nimeandika programu ya kutafuta umbali kati ya nukta mbili. Mwanzo nilitumia amri ya Prompt, ambayo inaonyesha A=? na B=? basi. Juani saa saba mchana, kijana wangu akaingiza namba ya kaskazini mahali pa ile ya mashariki, tukahamisha bikoni (alama za mpaka) mbili bure. Iliniuma sana, mwenye kiwanja alikuwa amesimama pale.

Sasa nimehamia Input, inayokubali maneno: Input "KASKAZINI 1:",A. Shida ni kwamba mstari una nafasi 16 tu. Je, nitangulize sentensi kwa Disp (amri ya kuonyesha maneno), au nifupishe?

Pia, koordineti zetu za UTM (mfumo wa ramani unaotaja nukta kwa mita) hapa ni hivi: ya kaskazini huwa na tarakimu saba, kama milioni 9.3, na ya mashariki sita. Nafikiria kuweka amri ya While irudie swali kama A ni chini ya 9000000. Kuna njia nyepesi zaidi?

Na kituo (nukta ninayopimia) kikiwa kilekile kwa nukta ishirini, mnafanyaje kisiulizwe kila mara? Jumatatu narudi saiti, nitashukuru mno.